Gari la gesi au la umeme likipata ajali: wanaofika kwanza wafundishwe nini?

Swali: Shikamoo afande. Mimi ni nesi katika zahanati moja kando ya barabara kuu, maeneo ya Kibaigwa. Tuna kikundi cha vijana wa bodaboda, mgambo na dereva wetu wa gari la wagonjwa. Hao ndio hufika kwanza ajali ikitokea, kwa sababu zimamoto wanatoka mbali. Tumezoea magari ya petroli na dizeli. Siku hizi yanapita ya gesi kutoka Dar, haibridi (yanayotumia petroli na umeme pamoja) ni mengi, na ya umeme tupu yameanza kuonekana. Vijana wamegawanyika. Wengine wanasema gari la umeme usiliguse kabisa, utapigwa shoti. Wengine wanasema ukilimwagia maji ndiyo umelipua. Nina Jumamosi moja ya kuwafundisha. Nianzie wapi? Na niwape vyeti?

Jibu: Marahaba, nesi, na hongera kwa kazi mnayofanya. Mtu anayefika dakika ya tatu ana nafasi ambayo askari wa zimamoto anayefika dakika ya hamsini hana, hata awe na vifaa vya namna gani. Kwa hiyo hiyo Jumamosi yako ina thamani kubwa, tuipange vizuri.

Nianze na hofu ya shoti, maana hiyo ndiyo itakayomwacha majeruhi ndani ya gari huku watu wamesimama wanatazama. Katika haibridi na gari la umeme, umeme mkubwa haupiti kwenye bodi. Betri ndogo ya volti 12 hutumia bati la gari kama njia yake ya kurudi, lakini betri kubwa nyaya zake zote mbili zimetengwa na bati. Kijana akishika mlango, akavunja kioo, akamshika majeruhi mkono, hapati shoti kwa kufanya hivyo. Na mara nyingi mifuko ya hewa ikishafumuka, gari lenyewe hukata umeme unaotoka kwenye betri kubwa. Hatari iko kwenye vitu viwili: nyaya nene za rangi ya machungwa, na betri kubwa iliyopasuka au kubonyea. Hivyo haviguswi, havikatwi wala havisogezwi, hata kwa mti mkavu. Umeme wa betri ukishavuka volti 60 huhesabiwa kuwa wa hatari kwa mwili. Betri ya Prius ina volti kama 200, na mtambo wake huzipandisha hadi 500 au zaidi kabla ya kufika kwenye mota. Magari mengi ya umeme tupu yana kama 400, na baadhi ya mapya 800.

Kuna vijana wengine ambao hawaogopi chochote, na hao nao wana hatari yao. Wanalikimbilia gari lililogongwa wakidhani limezimika kwa sababu halina mlio. Haibridi au gari la umeme linaweza kuwa kimya kabisa na bado likawa tayari kuondoka, na mguu wa majeruhi ukilalia pedeli ya mafuta, linaondoka kweli. Wengine wanavuta sigara karibu na buti lililobeba mtungi wa gesi.

Mwenye hofu na asiye na hofu wanahitaji somo moja: kutambua gari linatumia nini kabla ya kuligusa. Ningeipa kazi hiyo nusu ya siku yako, na nisingeifanyia darasani. Waombe mafundi wa gereji iliyo karibu wakuruhusu asubuhi, kabla kazi haijachanganya. Ukipata Toyota Aqua au Prius na gari moja lililofungwa mfumo wa gesi, umepata darasa.

Waonyeshe nembo ya haibridi nyuma ya buti na kwenye mabawa. Nembo ya Toyota kwenye haibridi mara nyingi ina rangi ya bluu ndani yake. Kisha waambie kwamba buti likipondeka nembo hupotea, kwa hiyo wajifunze na dalili nyingine. Gari lisilo na ekzosi ni la umeme tupu. Nissan Leaf huchajiwa puani, hapo mbele kabisa. Nissan Note ya e-Power inajazwa petroli kama gari lolote, lakini magurudumu yake yanazungushwa na mota ya umeme, hivyo usidanganywe na kifuniko cha mafuta. Gari la gesi lina mtungi, na kwenye gari dogo huo mtungi uko kwenye buti, umelazwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma. Kwenye basi au lori unaweza kuwa chini ya chasisi au juu ya paa. Ukifungua boneti utakuta sehemu ya kujazia gesi yenye kizibo, na bomba jembamba la chuma linalokwenda nyuma. Na magari mengi yaliyobadilishwa mfumo bado yana petroli kwenye tangi lake. Haibridi nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo hatari mpya haikuja kuiondoa ile ya zamani, imekuja kukaa nayo.

Kila mmoja aitafute ile waya ya machungwa kwa macho yake mwenyewe, aionyeshe kwa kidole bila kuigusa. Mtu aliyekwisha kuiona mara moja chini ya boneti ataitambua hata usiku kwa tochi ya simu.

Baada ya hapo wafundishe hatua za mikono, kwa utaratibu uleule kila mara. Kwanza gari lizuiwe lisisogee: mawe mbele na nyuma ya matairi, breki ya mkono ipandishwe, gia iwekwe P. Vijana wetu ni hodari wa kuweka matawi barabarani kuonya magari, na waendelee, ila jiwe moja la kwanza liende kwenye tairi. Pili, gari lizimwe. Watazame dashibodi kama kuna neno READY au taa ya gari dogo ya kijani. Ikiwaka, gari liko tayari kutembea hata kama halina sauti. Wabonye kitufe cha kuwashia mara moja, taa izimike, na funguo ya kisasa ipelekwe mbali, mita tano au zaidi, isije ikaliwasha tena. Kwenye gari la gesi kuzima huku kunasaidia mara mbili, kwa sababu mifumo mingi ina vali ya umeme inayojifunga injini ikizimwa.

Tatu ni betri ya volti 12, na hapa nataka utulie na vijana wako kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapojifungia njia. Kwenye Prius za zamani betri hiyo haiko chini ya boneti, iko nyuma, upande wa kulia ndani ya buti. Kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Buti la Prius linafunguliwa kwa umeme wa betri hiyohiyo. Ukiikata kwanza, vioo haviteremki tena, viti vya umeme havirudi nyuma, na buti likishafungwa unalifungua kwa shida. Kwa hiyo fungueni buti, teremsheni vioo, rudisheni kiti kinachombana majeruhi, ndipo mkate upande wa hasi kwa spana namba 10. Hiyo spana ikae kwenye sanduku la huduma ya kwanza pamoja na glavu na mkasi. Kama kitufe hakifikiki, Toyota wanaelekeza kuchomoa fyuzi iliyoandikwa IGCT kwenye kisanduku cha fyuzi chini ya boneti, na kama mtu haitambui, achomoe zote. Vijana waifanye kazi hii wakiwa gereji, mmoja mmoja, huku mwenzake akijifanya majeruhi na kupiga kelele. Kelele zinabadilisha mikono ya mtu.

Hata baada ya hayo, betri kubwa yenyewe imebaki na umeme wake. Kilichokatika ni njia ya kutokea. Na vifaa vinavyohifadhi umeme ndani ya mtambo huhitaji muda kupoa, kwa hiyo kukata bati kunasubiri dakika 10. Lakini kumshikilia majeruhi shingo isisogee, kuzuia damu na kumfungulia njia ya hewa havisubiri. Hapo ndipo nafasi yako, nesi.

Sasa gesi. Inayotumika kwenye magari yetu ni gesi asilia, ileile ya Songo Songo na Mnazi Bay, ikiwa imeshindiliwa mtungini kwa mgandamizo wa bari kama 200. Ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja barabarani wazi, na huku kwetu upepo haukosekani, inapanda juu na kutawanyika haraka, na hiyo ni bahati njema. Ikivuja ndani ya gereji iliyofungwa au chini ya paa la karakana, inakusanyika darini na kungoja cheche. Fungueni milango, watu watoke, na pasiwepo anayebonya swichi, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Gesi ya kupikia, inayopita hapo Kibaigwa kila siku kwenye malori ya mitungi, tabia yake ni kinyume kabisa: ni nzito, inashuka, inatambaa mtaroni na kwenye kalavati, na inaweza kukutana na moto mbali na ilikoanzia. Kijana akiijua tofauti hii moja atajua asimame wapi. Kwa ile nzito unakaa juu ya mteremko na upande unakotoka upepo. Kwa ile nyepesi upepo ndio wa kuangalia zaidi.

Gari la gesi likiwa limegongwa bila moto, zimeni injini, kisha kama mtungi unafikika kwa usalama, fungeni vali iliyo shingoni mwake kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda. Wasisubiri harufu ndipo waamini kuna uvujaji. Mlio wa “ssss” ni ushahidi wa kutosha, na barafu kwenye bomba pia, maana gesi inayotoka kwa nguvu hupoza chuma hadi kikaganda. Hapo mkono mtupu usiguse. Na mtu asikate bati karibu na mtungi wala na lile bomba linalopita chini ya gari.

Likiwaka moto, habari inabadilika. Mtungi una kifaa cha usalama kinachofunguka joto likifika kiasi cha nyuzi 110, na gesi hutoka kwa kishindo ikiwaka kama mkuki wa moto wa mita kadhaa. Unatisha, lakini mtungi unaojimwaga namna hiyo unafanya kilichokusudiwa. Kosa ni kutaka kuuzima huo mwali. Ukiuzima bila kufunga gesi, inaendelea kutoka bila kuwaka, halafu inashika moto kwa pamoja. Kosa jingine ni kukielekezea maji hicho kifaa, kikabaki baridi kisifunguke ilhali ubavu wa mtungi unaungua. Kazi ya kikundi chako hapo ni moja: watu wote wasogee mita 100, na asisimame mtu kwenye usawa wa ncha za mtungi. Kama kuna aliye hai ndani na moto bado uko mbele kwenye injini, mtoeni upesi mkipitia pembeni. Moto ukishafika kwenye buti lenye mtungi, watu wako wasiingie.

Nije kwenye maji, maana swali lako hilo ni zuri na jibu lake linagusa hali yetu hapa katikati ya nchi. Betri ya lithiamu, ambayo ndiyo iliyomo kwenye magari mengi ya umeme, ikiungua inamwagiwa maji. Maji ndiyo hasa yanayofaa, kwa sababu kinachotakiwa ni kuipoza. Betri kubwa imeundwa na seli, yaani vibetri vidogo vingi, na seli moja ikipata joto kupita kiasi huipasha jirani yake, na joto hilo linazaliwa ndani ya seli zenyewe bila kungoja hewa ya nje. Ndiyo maana mchanga na blanketi havitoshi, na mtungi mdogo wa unga wa kuzimia moto huuondoa mwali kwa dakika moja, kisha unarudi. Shida ni kiasi. Mwongozo wa Tesla kwa waokoaji unataja lita zipatazo 11,000 hadi 30,000 kwa gari moja. Gari la zimamoto hubeba lita elfu chache. Dodoma tunajua bei ya ndoo ya maji mwezi wa kumi, na kati ya Kibaigwa na Mbande msitegemee kukuta bomba la zimamoto kando ya barabara.

Kwa hiyo lazima uwafundishe kitu ambacho kwa mwokoaji ni kigumu kukikubali: likiwa halina mtu ndani na haliko karibu na nyumba, kuliacha gari liungue lenyewe ni uamuzi halali wa kitaalamu. Maji kidogo mliyonayo yatumike kulinda kinachofuata, yaani nyasi kavu, gari la jirani, kibanda cha mama ntilie. Likiwa na mtu ndani, maji yote yaelekezwe kumfungulia njia ya kutoka, hata kama betri itaendelea kuungua. Na tafuteni mapema namba za simu za wenye maboza ya maji ya ujenzi hapo mjini, muwe nazo zimeandikwa ukutani zahanati. Boza la lita 10,000 linalofika baada ya nusu saa ni msaada mkubwa kwa zimamoto wakiwasili, mradi dereva wake aelezwe aegeshe wapi.

Moshi wa betri hiyo una sumu kali, ikiwemo floridi ya hidrojeni inayoumiza mapafu na ngozi. Kabla ya moto mara nyingi huonekana moshi mweupe mzito chini ya gari, pamoja na mlio wa kupasuka-pasuka kama popukoni. Watu hudhani ni mvuke wa rejeta. Vijana wako hawana vifaa vya kupumulia, na kitambaa puani si kifaa. Wakiona moshi huo unatoka chini ya sakafu ya gari na si mbele kwenye injini, aliye ndani atolewe mara moja na kila mtu arudi upande unakotoka upepo. Wewe ukimpokea aliyevuta moshi huo, mpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu mapafu yanaweza kuharibika taratibu kwa saa kadhaa. Pikipiki na bajaji za umeme nazo ni hivyo hivyo. Volti zake ni ndogo, lakini seli ni za aina ileile, na mtu anayechaji betri chumbani usiku amelala nayo.

Watazamaji wahesabiwe kama sehemu ya somo. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Gari la gesi au la umeme halimwagi mafuta mengi ya kuchota kwa madumu, lakini lina simu za kurekodi, na watu hujongea kwa ajili ya picha. Wape mgambo kazi hiyo tangu mwanzo, wawili upande huu wa barabara na wawili upande ule, na wafanye zoezi la kuwarudisha nyuma watu halisi, hata kama ni wanafunzi wa shule ya jirani mliowaomba. Mgambo atakayejifunza kusema maneno mafupi, “Rudi nyuma, mtungi unaweza kupasuka,” anasikilizwa kuliko anayepuliza filimbi tu.

Zoezi la simu nalo lisikosekane. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Anayepiga asiseme tu “ajali imetokea Kibaigwa”. Aseme ni upande gani wa mji, gari ni la aina gani, linatumia nini, linawaka au haliwaki, wangapi wamebanwa. Neno “ni gari la gesi” au “betri inatoa moshi” linabadilisha kile ambacho kikosi kitapakia kabla ya kuondoka. Na waalike hao askari waje kwenye mafunzo yako. Kutoa elimu kwa wananchi ni sehemu ya kazi yao, na ni vizuri wakutane na vijana wako kabla ya kukutana barabarani usiku.

Mkiwa na simu janja, pakueni programu ya Euro Rescue. Ni ya bure na ina michoro ya magari ikionyesha betri, mitungi na sehemu za kukata. Ila imetengenezwa kwa magari ya soko la Ulaya, na yetu mengi yametoka moja kwa moja Japani, kwa hiyo mengine hamtayakuta kwa majina tunayoyajua. Aqua, kwa mfano, iliuzwa Marekani kwa jina la Prius c, na mwongozo wa waokoaji wa Toyota uko kwa jina hilo. Tafuteni mapema, muuchape, muuweke kwenye gari la wagonjwa. Wakati wa ajali si wakati wa kutafuta mtandao.

Kuna vijana wa Gulwe na Igandu ambao wameshaniuliza kuhusu treni ya umeme. Hilo ni somo lao peke yao, na nisingependa ulichanganye na hili. Waya wa juu ya reli ya SGR una volti 25,000, na huo haukaribiwi wala kurushiwa maji mpaka wahusika wa shirika la reli wathibitishe kuwa umezimwa na kufungwa ardhini.

Jambo la mwisho barabarani ni mahali gari linapopelekwa. Betri ya lithiamu iliyogongwa inaweza kuwaka baada ya saa kadhaa, hata siku kadhaa, bila mtu kuigusa. Likivutwa, magurudumu yanayoungana na mota yasizunguke chini, kwa sababu yakizunguka mota inazalisha umeme. Libebwe zima juu ya lori. Likifika yadi ya polisi likae peke yake, mita 15 kutoka kwenye gari jingine au jengo, na nyasi zifyekwe. Mwambieni askari wa zamu kwa mdomo, na mwandike kwenye kioo kwa chaki au kalamu ya maka, “BETRI KUBWA IMEGONGWA” pamoja na tarehe, maana zamu inabadilika na wa asubuhi hajui la jana.

Kuhusu vyeti: usiwape siku hiyo. Wape baada ya miezi mitatu, yule atakayekuja gereji tena, afumbwe macho kwa kitambaa, azungushwe, kisha akifunguliwa mbele ya gari asilolijua aseme ndani ya dakika moja linatumia nini, betri ndogo iko wapi, na watu wasimame upande gani. Aliyeshindwa arudie mwezi unaofuata. Mkipanga tarehe mniarifu mapema. Nikiwa Dodoma nitakuja, na glavu za mpira za fundi umeme kwa ajili ya maonyesho nitaleta mwenyewe.